Jinsi programu inavyotambua diski iliyowasha tarakilishi

Diski ya kuwashia ni ile ambayo tarakilishi husoma kwayo mfumo wake inapowashwa. Yaweza kuwa diski kuu iliyo ndani, au flashi iliyochomekwa pembeni. Programu yoyote inayofuta diski sharti iitambue kwanza, kwa maana ikikosea, hufuta kisichostahili kufutwa.

Hatari hiyo imefika hadi shuleni. Mnamo 2016 serikali ya Kenya ilianza kusambaza vifaa vya dijitali katika shule za msingi za umma, na Chuo Kikuu cha Moi, kilicho karibu na Eldoret, kikawa miongoni mwa waliopewa kazi hiyo. Tuseme fundi yuko katika shule moja ya Kaptagat, akitumia tarakilishi ya ofisi kusafisha flashi. Programu ikidhani diski kuu ndiyo flashi, alama za wanafunzi zisizo na nakala hupotea.

Kosa la kawaida ni kuamini majina. Katika Linux, majina sda na sdb hutolewa kwa kufuata jinsi diski zilivyotambuliwa, nayo yaweza kubadilika kila tarakilishi inapowashwa. Katika Windows, diski nambari 0 si lazima iwe ya kuwashia.

Njia ya hakika ni kuuliza mfumo wenyewe. Kwenye Linux, amri findmnt / huonyesha sehemu ya diski inayobeba mfumo, kisha lsblk hutaja diski yenye sehemu hiyo. Iwapo mfumo unaendeshwa moja kwa moja kutoka kwa flashi, jibu laweza kuwa "overlay", yaani tabaka ambalo si diski. Kwenye Ubuntu, hapo hutazamwa /cdrom. Kuanzia Windows 8, amri Get-Disk ya PowerShell hutoa sifa mbili: IsBoot, diski yenye Windows inayotumika, na IsSystem, diski yenye faili za kuanzishia.

Sifa ni mbili kwa sababu faili za kuanzishia zaweza kukaa diski moja, na mfumo ukakaa nyingine. Katika tarakilishi za UEFI, thamani ya BootCurrent, inayosomwa kwa amri efibootmgr, huelekeza kwenye faili hizo tu. Programu makini huziepuka diski zote mbili, na isipopata jibu la hakika, hukataa kufuta.