Barry Sanders au Thurman Thomas: nani mkali wa Oklahoma State?

Wadau, huu ubishi nimeusikia miaka mingi na hauishi. Wakali wa mpira wa Kimarekani pale Chuo Kikuu cha Oklahoma State, mjini Stillwater, nani namba moja? Naongelea mkimbiza mpira, yule anayekabidhiwa mpira mkononi na kazi yake ni kupenya katikati ya mabeki. Anapimwa kwa yadi, na yadi moja haifiki mita.

Namba tatu wala sibishani na mtu: Terry Miller. Mwaka 1977 alishika nafasi ya pili kwenye tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, nyuma ya Earl Campbell wa Texas.

Kimbembe kiko hapo juu.

Thurman Thomas alicheza 1984 hadi 1987, akakimbia yadi 4,595, rekodi ya chuo ambayo bado haijavunjwa. Miaka miwili ya mwisho, unajua nani alikuwa anamsubiri benchi? Barry Sanders! Mwaka 1987 Barry alikuwa akipewa zaidi kazi ya kurudisha mipira ya kuanzia.

Thurman akaondoka kwenda Buffalo Bills, Barry akapata namba. Msimu wa 1988, mechi 11 tu, jamaa alikimbia yadi 2,628 na kufunga mara 37 kwa kukimbia. Mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida ilichezwa Tokyo dhidi ya Texas Tech, akapiga yadi 332. Heisman ikawa yake.

Wapo wanaosema Barry alibebwa: alikuwa na Mike Gundy anayerusha na Hart Lee Dykes anayedaka, kwa hiyo mabeki hawakuweza kumkaba yeye peke yake. Tena ni msimu mmoja tu, wakati Thurman alivuja jasho miaka minne. Hoja nzito, sikatai. Zamani hata mimi nilikuwa upande huo.

Kilichonigeuza ni mwaka 2024. Ashton Jeanty wa Boise State aliikimbiza ile rekodi kwa mechi 14, akaishia 2,601. Zimepungua 27! Na kumbuka enzi za Barry mechi ya bakuli, ile ya baada ya msimu, haikuhesabiwa. Dhidi ya Wyoming alikimbia yadi 222 nyingine, ambazo zingemfikisha 2,850.

Kwa hiyo mimi nampa Barry. Ila heshima ya Thurman iko palepale: mtu aliyemweka Barry Sanders benchi sio wa mchezo. Wote wawili wamo kwenye ukumbi wa magwiji wa ligi ya kulipwa, Barry tangu 2004 na Thurman tangu 2007.

Msimu mmoja wa moto au miaka minne ya jasho? Haya wadau, mwageni hoja, matusi hapana.