Simba alipoingia chumba cha kulala

George Pullman, aliyewazoesha Wamarekani kulala kwenye mabehewa ya treni tangu miaka ya 1860, hakuwapa wasafiri wake wengi mlango. Aliwapa pazia. Mbelgiji Georges Nagelmackers aliyaona mabehewa hayo akiwa Marekani, akarudi Ulaya akiwa na wazo la vyumba vya kufungwa. Mwaka 1883 kampuni yake ikaanzisha Orient Express.

Waingereza nao walipojenga reli kutoka Mombasa, vyumba vikaja. Juni 1900, simba alikuwa akiwasumbua watu wa stesheni ya Kima. Charles Ryall, afisa wa polisi, na wenzake wawili wakaamua kulala kwenye behewa lao pale stesheni wakimvizia. Ryall akashika zamu, usingizi ukamshinda. Simba akaingia kupitia mlango wa kuteleza, na kwa kuwa behewa lilikuwa limeinama, mlango ukajifunga nyuma yake. Mwenzake mmoja alikuwa kitanda cha juu, mwingine sakafuni. Huyu wa sakafuni alikanyagwa ili Ryall afikiwe. Mnyama akatoka naye dirishani. Behewa hilo lipo hadi leo Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Kisa hiki husimuliwa mno, nadhani kwa sababu aliyeliwa alikuwa mkubwa. Vibarua wa Kihindi na Waafrika walioliwa na simba huko Tsavo mwaka 1898, wakijenga reli hiyo hiyo, walilala mahemani, na wengi wao hata majina hatuyajui. Reli yenyewe iliendelea hivyo hivyo kwa miongo: kwa mazoea daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na Mwafrika akabanana daraja la tatu.

Baada ya uhuru, kilichobaki kuamua ni mfuko. Treni ya usiku ya Nairobi na Mombasa ilikuwa na vitanda viwili kwa chumba daraja la kwanza, na sinki dogo la kunawia; daraja la pili vinne. Mhudumu alipita koridoni akigonga kengele za chakula, na ukirudi kutoka kula unakuta kitanda kimetandikwa. Reli mpya ya kisasa, SGR, ya mwaka 2017 ikaifuta treni hiyo: safari ya saa tano hivi, nani atandikiwe?

Tanzania bado utasikia kwenye dirisha la tiketi watu wakiulizia “daraja la pili kulala”. Kwenye treni za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, wanaume na wanawake hawachanganywi chumbani, kwa hiyo mume na mke wanaotaka kulala pamoja daraja la kwanza hulipia vitanda vyote vinne.