Kani na mwendo: Fizikia ya mkokoteni wa Kariakoo

KANI ni msukumo au mvuto unaoweza kubadili mwendo au umbo la kitu. Hupimwa kwa nyutoni, kizio kilichopewa jina la Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza aliyechapisha kanuni tatu za mwendo mwaka 1687.

Mkokoteni wenye shehena katika mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, huzionyesha kani nne kwa pamoja. Ya kwanza ni mvutano wa dunia, ambao huvuta kila kilo kuelekea chini kwa takriban nyutoni 9.8, hivyo gunia la kilo 100 lina uzito wa nyutoni 980. Ya pili ni kani ya barabara inayouhimili uzito huo kutoka chini. Ya tatu ni msukumo wa wachukuzi. Ya nne ni msuguano, ambao hupinga mwendo.

Kani zinapolingana, kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka. Mwendo hubadilika pale tu upande mmoja unapouzidi mwingine. Mkokoteni wa kilo 300 ukisukumwa kwa nyutoni 300 huku ukizuiwa kwa nyutoni 150, nyutoni 150 zinazosalia huuongezea kasi ya nusu mita kwa sekunde katika kila sekunde.

Kuusimamisha ni kazi nyingine. Kwa kawaida mkokoteni hauna breki. Miguu ya mchukuzi ndiyo breki. Kwa kani ileile ya kuzuia, shehena ikifanya uzito wote kuwa maradufu, umbali wa kusimama nao huwa maradufu. Kasi ikiwa maradufu, umbali huo huongezeka mara nne. Mvua ikinyesha, msuguano kati ya viatu na lami hupungua, na hatari kwa wapita njia huongezeka.

Kanuni hizohizo hutawala hata vitu visivyotembea. Jengo husimama kwa sababu nguzo zake husukuma juu kwa kani inayolingana na uzito wake. Nguzo zikishindwa, mvutano wa dunia hubaki bila mpinzani, na kilichotulia huanza mwendo. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20.