Magunzi, kuni na baridi ya Lushoto

Mitihani imenibana hapa chuoni, ila kuna jambo limekaa kichwani wiki nzima, acha nilitoe. Kwetu Usambara moto wa jikoni ni kuni na magunzi ya mahindi pamoja, na ukiuliza, kila mtu atakwambia ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu. Mimi nabisha.

Enzi ya Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Vuga aliyefariki mwaka 1862, chakula kikuu cha Wasambaa kilikuwa ndizi. Mahindi yalijulikana, lakini hayakuwa mfalme. Sasa mgomba utauwasha vipi jamani? Shina lote maji matupu! Moto ulikuwa wa kuni, na msitu ulikuwa pale pale mgongoni mwa kijiji.

Halafu wakaja Wajerumani. Lushoto wakaiita Wilhelmstal, mwaka 1902 wakafungua kituo chao cha utafiti kule Amani, na misitu mikubwa ikawa mali ya serikali. Kule Shume kampuni ya Wilkins na Wiese ikavuna mbao, zikateremshwa kwa waya hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Waingereza nao walipochukua nchi wakaendelea kutunza mipaka ileile ya hifadhi. Huku chini mahindi yakazidi kupanda milimani na migomba ikarudi nyuma. Kwa hiyo gunzi liliingia jikoni kwa sababu mbili: chakula kimebadilika, na msitu umefungwa.

Na gunzi lina tabia yake. Likikauka linashika haraka, linatoa moto mkali, halafu ghafla limekwisha! Ndiyo maana unatanguliza kuni mbili tatu za mwati au mgrevilea zishike joto, magunzi unayachomeka katikati kidogo kidogo. Hiyo migrevilea nayo ina historia: mingi ilipandwa kwenye kingo za mashamba miaka ya 1980 na 1990, wakati wa mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko, uliosaidiwa na Wajerumani (eti wamerudi tena, safari hii na miche). Mabua hatuchomi ovyo, ng'ombe wa zizini anayasubiri.

Kinachonishangaza ni Marekani. Wao wana majiko ya kupasha nyumba joto yanayochoma punje zenyewe za mahindi! Wanazichanganya na vidonge vya unga wa mbao, maana mahindi peke yake majivu yake huganda yakawa donge gumu kama jiwe. Na mwaka 1932, bei ilipoanguka vibaya, wakulima wa Iowa na Nebraska walichoma mahindi kwa kuwa makaa ya mawe yalikuwa ghali kuliko mahindi. Mwambie bibi yeyote wa Mlalo habari hiyo uone atakavyokutazama.

Kwetu punje haichomwi, inaliwa. Mahindi ya masika yanavunwa baridi ikiwa kali, Julai hivi, na magunzi yanajaa darini wakati hasa watoto wanagombea nafasi ya kuota moto. Lakini mvua ikigoma, unga hakuna na magunzi hakuna. Mama anashika shilingi zilezile, anasimama sokoni kati ya debe la mahindi na mzigo wa kuni.