Mpango wa Taifa wa Umeme wa Jua wa India

Mpango wa Taifa wa Umeme wa Jua ni sera ya serikali ya India iliyozinduliwa Januari 2010, wakati wa Waziri Mkuu Manmohan Singh, ili kukidhi mahitaji ya umeme yanayokua na kupunguza utegemezi wa makaa ya mawe. Lengo la awali lilikuwa megawati 20,000 ifikapo 2022. Mwaka 2015 serikali ya Narendra Modi ililipandisha hadi megawati 100,000, zikiwemo 40,000 za kufungwa juu ya mapaa.

Utekelezaji

Mwanzoni umeme wa jua ulikuwa ghali mno kuliko wa makaa. Kampuni tanzu ya shirika la umma la NTPC iliununua, ikauchanganya na ule wa makaa na kuyauzia mashirika ya usambazaji ya majimbo kwa bei ya wastani. Wazalishaji walishindanishwa kwa mnada, na aliyetaja bei ya chini ndiye aliyepewa mkataba wa miaka 25. Katika maeneo maalumu serikali ilitangulia kuandaa ardhi na njia za kusafirishia umeme, hivyo kumpunguzia mwekezaji hasara. Mfano mkubwa ni Bhadla, katika jangwa la Thar jimboni Rajasthan, wenye megawati 2,245. Kutokana na minada hiyo na kushuka kwa bei ya paneli duniani, uniti moja iliyogharimu takriban rupia 12 mwaka 2010 ilifikia rupia 2.44 huko Bhadla Mei 2017.

Matokeo

Kufikia mwisho wa 2022 zilikuwa zimefungwa takriban megawati 63,000. Lengo la 100,000 lilitimia Januari 2025. Mapaa ndiyo yaliyochelewa zaidi. Mashirika ya usambazaji yalihofia kupoteza viwanda na maduka makubwa, wateja ambao malipo yao hufidia umeme nafuu wa wakulima. Mwaka 2024 serikali ilianzisha ruzuku mpya iliyolenga mapaa ya kaya milioni 10.

Paneli nyingi zilitoka China. Ili kulinda viwanda vya ndani, Aprili 2022 zilianza kutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 40, hatua iliyowaongezea wajenzi gharama. Aidha, matumizi hubaki makubwa baada ya jua kuzama, hivyo makaa bado huzalisha sehemu kubwa ya umeme wa India, na baadhi ya zabuni mpya humtaka mzalishaji afunge pia betri za kuhifadhia umeme.