Wembe, Nura na Sukari: Njia za Kutoa Nywele Zilikotoka, na Funzo kwa Bi Harusi



Harusi zikikaribia, suali huwa lile lile: bi harusi atumie nini kutoa nywele mwilini akiwa nyumbani? Wembe, krimu, sukari au uzi? Kila shoga ana jibu lake. Leo tuangalie njia hizi zimetoka wapi, maana ukijua asili ya kitu ni rahisi kujua kama kitakufaa.

Wanawake wa Madina

Katika Hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kunyoa kinena na kunyonyoa kwapa ni miongoni mwa mambo matano ya fitra. Anas bin Malik naye amepokea kwamba mambo haya yasiachwe kupita siku 40.

Jabir bin Abdillah akasimulia kuwa walipokuwa wakirudi Madina kutoka safarini, Mtume (S.A.W.) aliwataka wasiingie majumbani ghafla, ili mke ambaye mumewe hakuwepo apate nafasi ya kuchana nywele na kujinyoa. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa kujinyoa linatokana na chuma, yaani wembe. Basi wembe mkononi mwa mwanamke si jambo la kizungu wala la jana. Na zingatieni jambo jengine: mwanamke alipewa muda. Hakuharakishwa.

Wanazuoni wakaeleza kuwa lengo ni usafi. Nywele zikitoka kwa kunyonyoa au kwa dawa badala ya wembe, lengo limepatikana.

Nura na hammamu

Wengi mmesikia kisa cha Malkia Bilqis kuingia katika jumba la Nabii Sulayman (A.S.) na kudhani sakafu ya vioo ni maji, akapandisha nguo. Hilo limo katika Surat An-Naml. Baadhi ya vitabu vya tafsiri vikaongeza kuwa alionekana ana nywele miguuni, ndipo ikatengenezwa nura ya kuziondoa. Nyongeza hii Ibn Kathir aliikataa, akaiona ni katika visa vilivyotoka kwa Ahlul Kitab.

Lakini nura yenyewe ni ya kweli. Ilikuwa chokaa iliyochanganywa na zarnikhi, madini ya manjano yenye sumu, ikatumika karne nyingi katika hammamu za miji ya Kiislamu. Ilipakwa, ikaachwa kidogo, ikaoshwa haraka. Ikizidi muda, iliunguza, kwa sababu kinachoyeyusha unywele hula na ngozi pia.

Utamaduni wa hammamu ulifika hata kwetu Unguja. Sayyid Said alijenga ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi. Baadaye Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akajenga ya Hamamni pale Mji Mkongwe, ikatumiwa na watu wote.

Sukari, uzi na majivu

Mashariki ya Kati wanawake walipika sukari, maji na ndimu mpaka ikawa rangi ya asali. Waarabu wanaiita halawa. Ndimu haiwekwi kwa harufu: ukali wake huzuia sukari isirudi kuwa chenga, ndiyo maana inavutika. Uajemi uzi wa usoni ulikuwa alama ya ndoa. Kwa desturi msichana hakutolewa malaika za uso mpaka anapoolewa. Na huku pwani bibi zetu walishika majivu vidoleni ili unywele usiteleze wakinyonyoa.

Tangazo la 1915

Marekani, kampuni ya Gillette ilitoa wembe maalumu wa wanawake mwaka 1915, wakati nguo zisizo na mikono zilipoanza kuvaliwa. Matangazo yakawaambia wanawake kuwa nywele za kwapa ni aibu. Sisi tulikuwa tukizitoa kwa karne kumi na tatu, lakini kwa sababu nyengine: tohara na fitra, si aibu ya mwili tulioumbwa nao. Tofauti hii msiidharau. Anayetafuta usafi huridhika akishakuwa safi. Anayekimbia aibu hujiumiza ili ngozi iwe kioo.

Sasa uchague nini?

Wembe ni rahisi na hauvuti, ila nywele hurudi baada ya siku chache. Tumia mpya, wako peke yako, kwenye ngozi iliyolowa na yenye sabuni.

Krimu ni mjukuu wa nura. Haina zarnikhi, lakini bado kazi yake ni kuvunja unywele kwa dawa. Jaribu mahali padogo siku moja kabla, fuata dakika za kwenye pakiti, na usiiweke sehemu za siri kama pakiti hairuhusu.

Sukari hukaa wiki tatu au nne, ila inataka unywele wa kama nusu sentimita. Ipoe kwanza, sukari ya moto huunguza vibaya. Ikiwa unatumia krimu za kujichubua, usivute kwa sukari, ngozi inaweza kutoka nayo.

Uzi unafaa kwa malaika za uso. Nyusi ni suala jengine, kwani kuna Hadithi inayokataza kuzinyonyoa. Muulize mwalimu wako kabla hujakaa kwenye kiti.

Lolote utakalochagua, lijaribu miezi miwili kabla ya harusi, si wiki ya harusi. Na litangulie singo na hina, ngozi ipumzike japo siku mbili. Singo yenye manukato juu ya ngozi iliyotoka kuvutwa huwasha kama pilipili.

Mtume (S.A.W.) alisimamisha msafara mzima ili wanawake wapate muda wao. Basi na wewe bi harusi, na nyinyi masomo mnaowatayarisha, msiibane kazi hii katika usiku mmoja.

Allah awajaalie maharusi wetu ndoa zenye mapenzi na huruma. Amin.