Nani Alipe Matunzo ya Wazee Wetu?



Mama anapolala kitandani, hawezi tena kwenda msalani peke yake, nyumbani huzuka maswali mawili: nani atakaa naye, na nani atalipa? Tukiitazama historia ya Kampala tutaona kwamba mzigo huu umebaki mikononi mwa familia.

Zamani mzee alitunzwa na watoto na wajukuu, na chakula kilitoka shambani. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulileta kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Kodi ilidai fedha taslimu, na vijana wengi wakatoka kutafuta mshahara.

Pensheni ya serikali ilikuwa ya watumishi wake. Mfuko wa NSSF ulianza mwaka 1967, ukapata sheria yake mwaka 1985. Mwajiriwa huchanga asilimia 5, mwajiri asilimia 10, na mtu hupewa akiba yake afikapo miaka 55. Muuza nguo wa Owino na fundi wa Katwe hawakufikiriwa sana mpaka sheria ya mwaka 2022 ilipofungua mlango wa kuchangia kwa hiari. Posho ya wazee iliyoanza mwaka 2010 ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Ilipoenezwa nchi nzima, umri uliwekwa miaka 80. Fedha hiyo haiwezi kumlipa mtu wa kumwogesha na kumgeuza mgonjwa usiku na mchana.

Wenzetu Wakatoliki walifungua makao ya wazee Nalukolongo mwaka 1978, kazi ya Kardinali Emmanuel Nsubuga. Sisi nasi tunaijua nguvu ya sadaka yenye kudumu: ardhi aliyoitoa Prince Badru Kakungulu pale Kibuli imebeba msikiti na shule. Kwa nini wakfu mwingine usiwalipie watunzaji wa wazee wasio na watoto?

Kwa sasa, ndugu zetu, familia zikae kikao kabla ugonjwa haujaingia. Kila mtoto aseme atatoa nini kila mwezi, na iandikwe. Na yule binti aliyeacha kazi yake akae na mama asihesabiwe kuwa hatoi kitu. Ametoa mshahara wake wote; basi ndugu zake wamchangie na yeye, maana naye atazeeka.

Allah atujaalie tuwe wema kwa wazazi wetu. Aamin.